Waliopona risasi, nani anawahesabu?

Kila mara mapigano yanapopita Uvira, habari inayosomwa redioni ina sura moja. Waliokufa wanapewa hesabu: wanane, kumi na wawili, thelathini. Kisha yanafuata maneno machache ya kufunga: "na wengine wengi walijeruhiwa." Wengi wangapi? Walitoka mtaa gani? Walipigwa nyumbani, sokoni ama njiani? Leo wako wapi? Mara nyingi habari inaishia pale, na kesho yake kuna habari nyingine.

Hao "wengi" wapo. Wako Kavimvira, Kalundu, Kilibula, Sange, Luvungi, Makobola na Mboko. Wengine wako Nyarugusu upande wa Tanzania, wengine katika kambi za Burundi. Ni kijana anayetembea kwa mikongojo, mama ambaye mkono wake hauwezi tena kutwanga, mtoto mwenye kipande cha chuma mgongoni ambacho daktari aliona afadhali kukiacha. Hawakufa, kwa hiyo hawako kwenye orodha ya waliouawa. Hawasomewi misa ya ukumbusho. Mara nyingi kinachobaki juu ya siku ile, mbali na kovu lenyewe, ni mstari mmoja katika daftari la hospitali.

Daftari hilo lina historia yake katika pwani hii ya Tanganyika. Historia hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza, mstari ule ukiandikwa vizuri unaweza kuokoa watu wengine. La pili, ukiangukia mikononi mwa mtu mbaya, unaweza kumuua yule yule aliyepona.

Mstari mmoja wa muuguzi

Katika hospitali, mgonjwa wa haraka anapokelewa kwenye chumba cha dharura, pale watu wanapoita "urgence". Pikipiki inamleta, ama vijana wanamleta kwa kipoyi kutoka milimani. Muuguzi wa zamu anasimamisha damu kwanza. Baadaye ndipo anafungua daftari na kuandika: tarehe, jina, umri, mwanaume ama mwanamke, anakotoka, shida aliyokuja nayo, matibabu aliyopewa, na mwishoni namna alivyotoka: amepona, amepelekwa hospitali nyingine, ametoroka, amekufa.

Mistari hiyo inajumlishwa, na jumla inapelekwa kwenye ofisi ya zoni ya afya, kisha mkoani, kisha Kinshasa. Hapo ndipo neno moja linakuwa na uzito. Ikiwa muuguzi ameandika "jeraha" tu, basi aliyepigwa risasi anaingia fungu moja na aliyeanguka na pikipiki na aliyejikata na panga shambani. Ikiwa ameandika "jeraha la risasi, mguu wa kuume, Mulongwe, saa mbili usiku", basi mtu aliye mbali anaweza kuelewa kilichotokea. Wino uliotumika karibu ni ule ule. Tofauti ni kwamba mstari wa pili unaweza kujibu swali.

Tangu bunduki za 1964

Mwezi wa tano 1964, Uvira ilianguka mikononi mwa waasi waliofuata mwito wa Pierre Mulele, wakiongozwa upande huu na Gaston Soumialot. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba, wilaya ya Fizi, pamoja na Wakuba wenzake. Watu wengi wanamkumbuka kama mpiganaji na wanasahau kwamba alisomea udaktari. Pale Kibamba palikuwa na zahanati ya waasi, na yeye pamoja na daktari Mkuba Rafael Zerquera walitibu wapiganaji na wanakijiji. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba si kila aliyekuja na risasi mwilini alikuwa ametoka vitani. Wengine walijeruhiwa na bunduki za kambini mwao wenyewe.

Jambo hilo ni dogo, lakini ni somo la kwanza. Anayesikiliza habari za vita anadhani kila risasi imetoka kwa adui. Anayekaa mlangoni mwa chumba cha dharura anaona kitu kingine: bunduki iliyochezewa, ugomvi wa pombe, mwizi wa usiku, askari aliyefyatua hewani na risasi ikaangukia bati la jirani. Bila daftari, yote hayo yanaitwa "vita".

Guevara aliondoka mwezi wa kumi na moja 1965, lakini bunduki zilibaki Fizi. Maki ya Laurent-Désiré Kabila iliendelea milimani kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo yote wanavijiji walipigwa, wakatibiwa kwenye zahanati za misheni ama kwa dawa za miti, na kurudi mashambani. Habari zao zilibaki kwa wazee wao.

Lemera, tarehe 6 mwezi wa kumi 1996

Hospitali ya Lemera, iliyojengwa na wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden, ilikuwa hospitali kubwa katika milima iliyo juu ya bonde la Ruzizi. Daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege. Vita vilipoanza kuchemka mwaka 1996, hospitali ilipokea majeruhi wa risasi, raia na askari pia.

Tarehe 6 mwezi wa kumi 1996, watu wenye silaha waliingia hospitalini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama "Mapping", iliyotolewa 2010, inasema waliouawa pale hawakupungua 37, na kati yao walikuwemo watumishi wawili wa afya. Wagonjwa waliuawa vitandani. Dokta Mukwege mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Kabla ya mwezi kuisha, Uvira pia ilikuwa imeanguka, na maelfu ya familia walikuwa njiani kuelekea Fizi na kuvuka ziwa kwenda Kigoma.

Lemera inakumbukwa kwa wafu wake, na ni haki. Lakini kwa mtu anayefikiria juu ya daftari, Lemera inasema jambo jingine pia. Mgonjwa wa risasi haponi kwa kufika hospitalini tu. Katika nchi hii, kitanda cha hospitali kimewahi kuwa mahali pa kumtafuta mtu ili kumaliza kazi iliyoanzwa na risasi ya kwanza. Kila anayetaka kuandika majina ya majeruhi lazima aanze kwa kukumbuka hilo.

Mamilioni ya wafu, na majeruhi wasio na namba

Vita vya pili vilianza mwezi wa nane 1998. Mwisho wa mwaka ule, Makobola ilipoteza mamia ya watu. Mwaka 2000 shirika la IRC lilimtuma mtaalamu Les Roberts kuhesabu vifo mashariki mwa Kongo kwa kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza: nani amekufa hapa, na kwa nini? Hesabu ya kwanza ilisema watu milioni 1.7 walikuwa wamekufa kupita kiasi cha kawaida tangu 1998. Hesabu ya mwisho, iliyotoka 2008, ilisema milioni 5.4. Wapo wataalamu walioipinga namba hiyo, lakini jambo moja lilibaki: wengi wa wafu hao hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuharisha, homa ya mapafu na njaa, kwa sababu vita viliwafukuza mbali na dawa na mashamba.

Hesabu hiyo ilishtua dunia na ilifanya kazi kubwa. Lakini swali lake lilikuwa juu ya waliokufa. Aliyepigwa risasi ya paja na kupona hakuwa na mahali katika jibu. Ndiyo sababu hata leo mtu anaweza kutaja milioni za wafu wa Kongo bila kusita, na hakuna anayeweza kusema ni watu wangapi kati ya Kamanyola na Baraka wanaoishi na risasi ama na alama yake.

Siku ambazo majeruhi walihesabiwa

Mara chache namba ya majeruhi ilijulikana. Usiku wa tarehe 13 mwezi wa nane 2004, kambi ya Gatumba, ng'ambo kidogo ya mpaka kutoka Kavimvira, ilishambuliwa. Wengi wa waliokuwemo walikuwa Banyamulenge waliokimbia Kongo mwezi wa sita mwaka ule. Waliouawa walihesabiwa 152, na majeruhi 106.

Tarehe 15 mwezi wa tisa 2017, pale Kamanyola, askari walifyatulia risasi wakimbizi wa Burundi. Karibu watu 40 walikufa, na zaidi ya 100 walijeruhiwa.

Kwa nini majeruhi wa Gatumba na Kamanyola walipata namba, na wa siku nyingine hawakupata? Pale watu walikuwa wakimbizi, mashirika yalikuwa karibu, barabara ilipitika, na majeruhi walipelekwa mahali panapojulikana kwa siku moja ama mbili. Lakini mkulima aliyepigwa Runingu siku ya kawaida, peke yake, hana kamera wala ripoti. Yeye anaingia kwenye historia ikiwa tu muuguzi aliandika vizuri. Na ukijumlisha siku za kawaida za mwaka mzima, huenda wakawa wengi kuliko wa siku moja kubwa.

Kidonda kinavyosomwa

Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, ulijifunza jambo hili katika hospitali zake za vita. Moja yake ilikuwa Afrika Mashariki: hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iliyofunguliwa 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan waliosafirishwa kwa ndege. Ilifanya kazi hiyo karibu miaka ishirini.

Daktari mpasuaji wa CICR, Robin Coupland, alitengeneza namna fupi ya kuandika kidonda ili daktari wa Kenya, wa Afghanistan na wa Kongo waandike kitu kimoja. Tundu la kuingilia lina sentimita ngapi? La kutokea je? Kabla ya upasuaji, vidole viwili vinaweza kuingia ndani ya kidonda? Mfupa umevunjika? Kiungo cha uhai kimeguswa? Picha inaonyesha vipande vya chuma? Majibu sita, mstari mmoja, bila kuuliza mtu ni wa kundi gani.

Kazi ya namna hiyo ilileta matunda. Mwaka 1991 Coupland na mwenzake walichapisha habari za wagonjwa 757 waliojeruhiwa na mabomu ya kutegwa ardhini. Walionyesha jinsi mabomu hayo yanavyokata miguu na jinsi kila mgonjwa anavyokula damu, siku za kitanda na upasuaji wa kurudiarudia. Ushahidi wa madaktari uliingia katika kampeni kubwa iliyozaa mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu hayo, uliotiwa sahihi mwezi wa kumi na mbili 1997. Kuandika peke yake hakukutosha kuleta mkataba. Lakini bila kuandika, wanaotetea mabomu wangeendelea kusema ni silaha ya kawaida.

Kivu ya Kusini inajua kazi hii tayari

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Mifano miwili bora iko hapa mkoani.

Baada ya Lemera, Dokta Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999. Wanawake waliobakwa walipofika, kila mmoja alipokewa, akatibiwa, na habari zake zikaandikwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na Oxfam walitoa ripoti iliyojengwa juu ya fomu za wanawake 4,311 waliotibiwa Panzi. Ilionyesha kwamba zaidi ya nusu walishambuliwa wakiwa nyumbani mwao. Wengi walidhani hatari iko msituni ama shambani, lakini karatasi za hospitali zilisema hatari inakuja mpaka kitandani. Ulinzi unaopangwa kwa kufuata barabara tu haufiki pale.

Mfano wa pili uko Uvira yenyewe. Hospitali Kuu ya Uvira ina kituo cha kutibu kipindupindu, na kituo hicho kina daftari la wagonjwa. Watafiti, kati yao Aurélie Jeandron wa chuo cha tiba cha London pamoja na Wakongo wa Uvira, walichukua hesabu za kila siku kuanzia 2009 mpaka 2014 na kuziweka kando ya hesabu nyingine: maji yaliyotoka kila siku kwenye mtambo wa Regideso. Kila mwenyeji anajua umeme unapokatika pampu zinasimama, na mama wanarudi ziwani na ndoo. Daftari lilionyesha bei ya kurudi huko. Baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wa kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu mgonjwa mmoja kwa kila wanne aliletwa na kukatika kwa maji.

Matokeo hayo yalichapishwa 2015 na kusomwa na wanaotoa pesa za kujenga mabomba. Wauguzi walioandika "Kakombe, miaka 4, kuharisha" usiku wa manane hawakujua kwamba wanaandika hoja ya kuletea mji maji. Walifanya tu kazi yao vizuri, kila siku, kwa miaka sita.

Swali linakuja lenyewe: ikiwa Uvira iliweza kufuatilia kipindupindu mtaa kwa mtaa, siku kwa siku, kwa nini isiweze kufuatilia risasi?

Wengine wanavyofanya

Katika mji wa Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa uso, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba sehemu kubwa ya watu aliowashona baada ya kupigwa haikujulikana kwa polisi. Watu waliogopa kushitaki, ama waliona haina faida. Basi makarani wa mapokezi wakaanza kuuliza mambo machache: ulipigwa wapi, lini, kwa kitu gani? Jina halikutoka hospitalini. Kilichotoka ni mahali, saa na silaha. Mji ukajua baa gani na kona gani zina hatari, ukabadilisha ulinzi na taa. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba waliolazwa kwa sababu ya kupigwa walipungua kwa asilimia 42 ukilinganisha na miji inayofanana nayo.

Marekani, nchi yenye pesa na kompyuta nyingi, ilichelewa. Waliokufa kwa bunduki walihesabiwa kwa vyeti vya kifo, lakini waliopona hawakuwa na hesabu ya kuaminika. Tangu 1996 sheria moja ilikuwa imewatia hofu watafiti wa serikali, na pesa za utafiti huo zilirudi 2020 tu. Mwaka huo ndipo taasisi ya afya, CDC, ilianza mpango uitwao FASTER katika sehemu kumi, wa kusoma taarifa za vyumba vya dharura karibu siku ile ile ili kuona majeraha ya risasi yanapopanda.

Hata huko kuna makosa. Mara nyingi risasi iliyopigwa kwa kusudi inaandikwa "ajali", kwa sababu mgonjwa hakusema, ama mwandishi hakuuliza. Wakaaji wa Uvira wanalijua neno linalofanana na hilo: "risasi ya kupotea". Wakati mwingine ni kweli imepotea. Wakati mwingine mgonjwa anajua vizuri nani alifyatua, lakini aliyefyatua anaishi mtaa ule ule na bado ana bunduki.

Kuandika bila kumuuza mtu

Hapo ndipo hatari inarudi. Mwezi wa pili 2025, baada ya Bukavu kuanguka, askari wa serikali na Wazalendo walipigana wenyewe kwa wenyewe ndani ya Uvira. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, AFC/M23 iliingia mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia Burundi. Mwezi wa kwanza 2026 ikaondoka. Kwa muda wa mwaka mmoja, mji mmoja na hospitali moja viliona wenye nguvu wakibadilika. Kijana mwenye jeraha la risasi alishukiwa na kila aliyekuja. Kwa huyu alikuwa Mzalendo, kwa yule alikuwa mpelelezi. Huenda alikuwa mwanafunzi aliyetumwa kununua unga.

Sheria inamlinda. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema majeruhi lazima aokotwe na kutibiwa, na Protokoli ya pili ya 1977 inakataza kumwadhibu mtumishi wa afya kwa sababu ametibu mtu, awe nani. Lakini karatasi ya Geneva haisimami mlangoni saa nane usiku. Kwa hiyo daftari lenyewe lazima liandikwe kwa namna inayomlinda mgonjwa.

Namna hizo zinajulikana. Hesabu inayotoka hospitalini inabeba namba, haibebi jina. Orodha inayounganisha namba na jina inafungiwa mahali pengine, na mtu mmoja ama wawili tu ndio wanajua ilipo. Safu ya "kundi" ama "kabila" haihitajiki kabisa, kwa sababu haimsaidii daktari kushona. Na mji mdogo una hatari yake: ukitangaza "kijana mmoja wa miaka 19, Runingu, Jumanne", hakuna haja ya jina, kijiji kizima kinamjua. Afadhali kungoja mwezi uishe na kujumlisha vijiji kadhaa pamoja. Mwandishi wa habari naye anahusika. Picha ya uso wa majeruhi kitandani, pamoja na jina la hospitali, inaweza kuwa ramani kwa anayemtafuta.

Jambo jingine la kuangalia ni namna ya kusoma hesabu. Daftari linamwona tu aliyefika. Halimwoni aliyekufa kwenye kipoyi akitoka milima ya Uvira ama Itombwe. Halimwoni aliyeogopa vizuizi barabarani akatibiwa kwa mizizi, wala aliyevuka kwenda Bujumbura, wala aliyekosa pesa ya pikipiki. Kwa hiyo majeruhi wakipungua kwenye daftari, mtu asikimbilie kusema amani imerudi. Aulize kwanza: juma hilo barabara ilikuwa wazi? Wauguzi walikuwepo, ama nao walikimbia? Mara nyingine hesabu inashuka wakati hali ni mbaya zaidi.

Hesabu ni ya kazi gani

Kuna anayeuliza: watu wanahitaji dawa, hesabu itawasaidia nini? Jibu liko kwenye ghala la hospitali. Jeraha la tumbo linahitaji damu usiku ule ule. Mfupa uliovunjwa na risasi unahitaji vyuma vya kuushika, majuma mengi kitandani, kisha mazoezi ya viungo. Mguu uliokatwa unahitaji mguu wa bandia, na mtoto anayekua atahitaji mwingine na mwingine. Anayejua kwamba mwaka jana zoni yake ilipokea majeruhi fulani wa miguu na fulani wa tumbo anaweza kuagiza. Asiyejua anangoja vita vifike ndipo atafute mifuko ya damu.

Na kuna kazi ya pili, ya haki. Siku itakapofika ya kuuliza nani alipwe, nani asaidiwe, mtaa gani uliumia, waliokufa watakuwa na orodha ya namna fulani. Waliopona watahitaji kuonyesha kitu zaidi ya kovu.

Kwa familia zilizohama, sehemu moja ya kazi hii iko mikononi mwao. Karatasi ya hospitali, picha ya mionzi na barua ya kuruhusiwa kutoka ni vitu vya kutunza pamoja na karatasi za watoto za ubatizo na za shule. Karatasi hiyo inafaa kuonyesha tarehe ya kuingia na ya kutoka, sehemu ya mwili iliyopigwa, upasuaji uliofanywa, kama mgonjwa aliongezewa damu, kama alichomwa sindano ya pepopunda, na kama kuna chuma kilichobaki ndani. Ikiwa mojawapo halikuandikwa, mgonjwa ana ruhusa ya kumwomba muuguzi aliandike. Daktari mpya wa Nyarugusu ama wa Burundi atajua pa kuanzia. Ikiwa njiani kuna hatari, ni afadhali karatasi ibaki kwa ndugu anayeaminika kuliko kubebwa mfukoni.

Katika daftari la dharura, safu ya mwisho inaandikwa "ametoka". Kwa muuguzi, hapo kazi imekwisha na mstari mwingine unaanza. Kwa aliyepigwa, hapo ndipo miaka inaanza: ya kutembea tena, ya kutafuta kazi ya mkono mmoja, ya kueleza watoto kwa nini. Uvira imekwisha kujifunza kuhesabu wafu wake, na imejifunza kuhesabu wagonjwa wake wa kipindupindu. Waliopona risasi bado wanaitwa "wengi".